Kioo Kilichoishia Kiunoni

Kitengela,
Jumapili, 6 Julai 2025

Koko wangu, takwenya!

Kabla hujaendelea kusoma, shika kitu. Mjukuu wako sasa ndiye mwanamume mwenye nguvu kuliko wote kuanzia Athi River mpaka mpakani Namanga. Siongezi chumvi. Juzi lori la mchanga lilizima mbele ya jim yetu. Dereva akahangaika nalo, utingo akakaribia kulia, watu wakaita fundi. Mimi nikatoka nje, nikavua shati polepole. Lori likawaka lenyewe. Sikuligusa, koko. Liliniona tu.

Hiyo ndiyo hali yangu. Mkono wa kulia hauingii tena kwenye shati la kanisa. Kifua kinafika mlangoni kabla mimi sijafika. Bosi amenunua kioo kikubwa kutoka saluni moja iliyofungwa hapa juu. Kinaanzia kichwani kinaishia kiunoni, na nikisimama mbele yake wateja wanaacha kuinua vyuma wananitazama mimi. Wananiita Kocha Parmuat. Kocha wa kuajiriwa yuko, anaitwa Odero, lakini yule ni mtu wa vyeti. Mimi ni mtu wa mwili.

Sasa nije kwa jambo lililonishikisha kalamu. Anko Hillary, mwanao, alipita hapa jana akiwa amekunja uso. Anasema ulikuwa umekaa kwenye kigoda chako ukikamua mbuzi, ukataka kuinuka ukashindwa, ukajaribu tena ukaenda chini na kibuyu chako, ukalala hapo mbuzi wakikuruka mpaka jirani yako Nyaguthii akaja kuomba chumvi. Anasema Krismasi familia ikikutana huko kwako, atauza mifugo yote akulete hapa kwake Kitengela, ghorofa ya nne, uwe unatazama televisheni.

Nimekutetea, koko. Nilimwambia, "Anko, huyo mama ukimweka ghorofani atakufa kwa kukosa mtu wa kukemea." Akasema, "Parmuat, mtu asiyeweza kuinuka mwenyewe hawezi kukaa peke yake na mifugo." Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akakubali hivi: siku ya Krismasi, mbele ya watu wote, utakaa kwenye kigoda kile kile, mikono umeikunja kifuani, na utainuka bila kushika kitu wala kuvutwa na mtu. Ukiinuka, unabaki na boma lako na hatalitaja tena hilo jambo. Ukishindwa, unapanda ngazi.

Usiogope. Uko na mimi. Nikimaliza na wewe, dume lako la kondoo litakuwa linakuamkia.

Najua simu yako iliingia kwenye josho na umekataa nyingine, kwa hivyo nampa barua hii Katoo wa maziwa. Akija asubuhi na mitungi, mpe jibu alete.

Mjukuu wako, chuma kitupu,
Kocha Parmuat


Kajiado,
10 Julai 2025

Kwa Parmuat, mfagiaji.

Iko, salamu yako nimeitikia.

Katoo ameniambia unafanya nini kwa hiyo jim. Akishusha maziwa asubuhi anakukuta umepiga magoti unapangusa jasho ya watu kwa sakafu. Hakuna ubaya, kazi ni kazi. Lakini mimi usiniandikie "Kocha". Mimi nilimaliza ngumbaru na wazee wenzangu nikiwa nimeshaota mvi, nikapewa cheti mbele ya chifu. Wewe uliacha kidato cha pili ukisema hesabu inakuumiza mgongo.

Ni kweli nilianguka. Sitaki unililie. Nataka tu kupanga mambo vile yalifuatana, kwa sababu mwalimu wetu alisema mambo yapangwe.

Pasaka ulikuja hapa na hiyo fulana haina mikono. Ulinishika kiuno kama mtu ananunua ng'ombe, ukasema, "Koko, hii mafuta ndiyo inakuzeesha. Toa yote." Nikaacha maziwa. Nikaacha nyama. Nikaacha hata ile siagi ya kupaka ugali. Nikala kabichi na maji ya moto. Nguo zikalegea, na wanawake wa kanisa wakanisifu, wakasema nimerudi msichana. Mwezi wa sita ukafika, msichana akashindwa kuinuka kwa kigoda.

Sisemi ni wewe. Nimepanga tu.

Hiyo ghorofa siendi. Nililala huko siku moja. Ukimwaga maji ya kunawa yanamwangukia mtu. Mimi nataka nikifungua mlango asubuhi nione macho ya mbuzi, nijue nani ameamka vibaya. Kama kuna kitu unajua, niambie. Kama hujui, uliza huyo wa vyeti.

Koko wako,
Nalotuesha


Kitengela,
15 Julai 2025

Koko, takwenya tena, na pole kwa hayo maneno makali. Najua ni kabichi inaongea.

Hiyo ya Pasaka tuiache. Sayansi inabadilika kila siku, na tuliyoyajua Pasaka siyo tunayoyajua Julai.

Nimefanya utafiti mzito. Ni kweli nilimuuliza Odero, lakini nilimwambia ni mteja fulani wa mbali, mzee na mkali sana. Yaliyobaki ni akili yangu.

Sikia. Mwili ukinyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake. Unachoma na misuli. Ni kama mtu aliyeishiwa kuni akaanza kung'oa nguzo za nyumba apikie chai. Chai itaiva, ndiyo, lakini atainywea wapi? Na mtu akishakula chumvi nyingi kama wewe, misuli huwa tayari inaondoka yenyewe polepole, haina haja ya kufukuzwa.

Na misuli si ya kutishia malori tu. Ukila ugali, ule wanga unageuka sukari unaingia kwenye damu. Mnunuzi mkubwa wa hiyo sukari ni misuli, hasa ile ya mapaja na makalio. Wanunuzi wakipungua, sukari inazurura kwenye damu kama vijana wa stendi, na siku moja itavunja kitu.

Sasa mafuta. Koko, kumbe mafuta nayo ina koo zake! Kuna ile ya chini ya ngozi, ya kwa makalio na mapaja, imetulia, ni akiba ya siku mbaya. Hiyo ndiyo nilikunyang'anya, I mean, ndiyo iliyopotea. Halafu kuna ile ya ndani kabisa tumboni, iliyokumbatia maini na matumbo. Hiyo hainyamazi. Mchana na usiku inatuma fitina mwili mzima, inachosha moyo, inagombanisha sukari na damu. Mtu anaweza kuwa mwembamba mikononi na akafuga hiyo ndani. Na mbaya zaidi, mguu usiotumika unaingiwa na mafuta katikati ya nyama yenyewe: kwa nje unauona mguu, kwa ndani hakuna mtu nyumbani.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, rudia maziwa yako, nyama, maharagwe, na uongeze mayai. Nimempa Katoo trei nzima akuletee. Ya pili, kigoda kilichokuangusha ndicho kitakuinua. Funga kamba kwa nguzo, ushike, uinuke, ukae, uinuke, ukae. Ukizoea, legeza kamba. Ukizoea tena, iache.

Kocha (Odero mwenyewe aliniita hivyo jana, akicheka kidogo),
Parmuat


Kajiado,
4 Agosti 2025

Parmuat,

Mayai yalifika mazima. Yanaleta nguvu sana. Leta mengine.

Hiyo ya mafuta kuwa na koo zake, kwani hiyo ni habari? Mwaka ule wa ukame mama yako alifunga kondoo mmoja nyuma ya jikoni, akampa posho na mabaki ya chapati, hatembei, analala tu. Mwingine alikuwa akienda na wenzake mpaka mtoni na kurudi. Siku ya kuchinja tuliwapasua wote wawili. Yule wa kutembea mafuta yake yote yalikuwa kwa mkia, mazuri, meupe, na nyama ya paja nyekundu. Yule wa kufungwa mkia ulikuwa mdogo, lakini kwa ndani matumbo yamefunikwa na mafuta mpaka kisu kinateleza. Babu yako alisema huyo angekufa mwenyewe kama tungemngoja kidogo.

Kwa hivyo nimeelewa. Ghorofa ya nne ni nyuma ya jikoni.

Kamba nimefunga. Siku ya kwanza niliinuka kwa mikono, miguu ilikuwa inatazama tu. Sasa miguu imeanza kuona haya. Usiku magoti yananiambia mambo, lakini ni mambo ya kuvumilika.

Nalotuesha


Kitengela,
9 Agosti 2025

Koko!

Nilijua utamu wa mayai utakushinda! Nimetangaza jim nzima. Nimesimama mbele ya kioo nikasema, "Jamani, niko na mteja Kajiado, mama wa mvi, mayai yangu mawili kila asubuhi, na sasa nguvu zimerudi." Makau wa spea za magari alianza mayai siku hiyo hiyo. Kuna mama mwalimu amenunua trei mbili. Odero alinyamaza, na Odero akinyamaza ujue ameshindwa.

Niambie vizuri ili niwape ushuhuda kamili. Mabega yamejaa? Mwendo ukoje? Hasira je, imeongezeka? (Hiyo ya mwisho sitegemei jibu.)

Trei nyingine inakuja na Katoo.

Kocha P.


Kajiado,
16 Agosti 2025

Parmuat,

Mabega yamejaa kabisa. Mwendo ni wa mbio. Manyoya yanang'aa. Juzi ameruka ua bila kuligusa akamfukuza mtu wa bodaboda mpaka barabarani.

Namwongelea Askari, mbwa wangu. Wewe ulifikiria nani? Mimi sijawahi kuweka kitu cha ndege mdomoni tangu nizaliwe, na sitaanza kwa sababu ya Hillary. Nyumba yetu hatukulelewa hivyo, mayai ni ya watu wa mji na wagonjwa. Mimi nakunywa maziwa yangu na nakula maharagwe ya Nyaguthii, anayapika na nazi ya pakiti, ni mazuri.

Lakini wape hao watu ushuhuda. Waambie mteja wako wa Kajiado hata kubweka kwake kumebadilika.

Kigoda na mimi bado tunagombana. Bila kamba nainuka nusu, halafu narudi chini kama mzigo. Kuna kitu kinakosekana. Nafikiria.

Nalotuesha


Kitengela,
4 Oktoba 2025

Parmuat,

Yeyo, mama yangu, yuko wapi? Nimetoka Kajiado sasa hivi. Boma limefungwa, mbuzi wameachiwa kijana wa kuajiriwa ambaye anasema haruhusiwi kuongea, dume kubwa la kondoo halipo, na Nyaguthii pia hayuko kwake. Mbwa amekuwa mkubwa kama ndama, hakunitambua, amenirarulia suruali ya kazi.

Mtu aliyeanguka mwezi wa sita anatembea porini na dume? Kama ni wewe umempa mawazo, nitakupata. Naacha barua hii kwa Odero kwa sababu nimeambiwa umejificha chooni.

Hillary


Kajiado,
11 Oktoba 2025

Parmuat,

Mwambie anko yako mama yake hajafa. Alikuwa orpul.

Soma pole pole. Wewe unajua orpul ni ya wanaume. Wanaenda porini na dume, wanachinja, wanakula nyama, wanakunywa supu ya magome na mizizi mpaka wanarudi wakitafuta mtu wa kugombana naye. Mwanamke hakanyagi huko. Tangu nikiwa msichana nimewaona wakienda na shingo nyembamba wakirudi na shingo kama nguzo. Sisi tunabaki na harufu. Sasa nilikuwa nimekaa kwa kigoda, nimeinuka nusu, nimerudi chini, nikajiuliza: kwani misuli ya mwanamke inakula nini? Harufu?

Nikaongea na wanawake wa kanisa. Wengine walisema haijawahi kufanyika. Nikasema hata mimi kuanguka haikuwa imefanyika. Tukawaambia waume tunaenda mkutano wa maombi. Na hatukudanganya. Tuliomba kabla ya kila kiungo.

Tulipanda kule juu ya korongo, kila mtu na mzigo wake wa kuni na maji, na mimi nilipanda na wa kwangu. Nyaguthii ni Mkikuyu, hajui mizizi yetu, lakini anajua kuchoma. Tulikula nyama nyekundu, tukanywa supu chungu, mafuta ya mkia tukagawana kidogo kidogo. Mchana tulikuwa tunakaa kwa mawe na kuinuka, kukaa na kuinuka, huku tunaimba za kanisa, na anayeshindwa anachekwa mpaka anainuka kwa hasira. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, Parmuat. Sijui ni supu, au ni mawe, au ni kule kuchekwa.

Tumerudi. Waume wanasema mkutano ulikuwa na Roho. Jana nimeinuka kwa kigoda bila kamba, nikashangaa, nikakaa tena ili nihakikishe.

Usimwambie Hillary hiyo ya mwisho. Mwache aje na lori lake la kubeba kondoo.

Koko wako,
Nalotuesha


Kitengela,
17 Desemba 2025

Koko, mama wa wapiganaji!

Hiyo orpul yako ninaisimulia kila siku, na kila siku naongeza dume moja. Sasa mko na madume matatu na chui amepita karibu.

Natuma hii kukuambia nakuja Krismasi na nitakuja rasmi, kama kocha wako. Nimenunua suruali mpya ya kubana na fulana imeandikwa NGUVU kifuani. Anko Hillary ameanza kuulizia bei za kondoo, maskini, hajui. Wewe inuka tu. Ukishainuka, na makofi yakipigwa, niachie uwanja kidogo. Nitakaa kwenye kigoda hicho hicho, niinuke mara kumi mfululizo mikono kifuani, niwaonyeshe binamu zangu kazi inavyofanywa na mtaalamu. Binamu Sandra naye atakuwepo na simu yake. Mwambie asimame upande wa kulia, huo ndio upande wangu mzuri.

Kocha,
Parmuat


Kitengela,
28 Desemba 2025

Koko, takwenya.

Kwanza hongera. Vile uliinuka! Mikono kifuani, kama mtu ameitwa jina lake. Anko Hillary alifungua mdomo, Nyaguthii akapiga kigelegele, na hata yule mwenye lori aliyekuja kubeba mifugo alipiga makofi kabla hajakumbuka kwamba kazi yake ndiyo inapotea. Mifugo ni yako na boma ni lako. Nilisema mimi.

Sasa kuhusu lile jambo dogo lililotokea baadaye.

Najua watu wanaongea. Sandra ameweka video, na mpaka Makau wa spea ameiona. Wacha nikueleze ili ukiulizwa uwe na majibu. Ya kwanza ni suruali. Suruali ya kubana inazuia damu, hilo linajulikana. Ya pili, kigoda kile kimekaa chini mno, ni kama kukaa kwenye sufuria, mtu mrefu kama mimi hajengewi kigoda hivyo. Ya tatu, nilikuwa nimekula. Ya nne, ardhi ya pale ina mteremko. Ya tano, Askari alikuwa ananitazama vibaya, na mimi mbwa akinitazama sifanyi kazi.

Kwa hivyo nilipokaa nikabaki, sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa napumzika. Na uliponishika mkono ukanivuta mbele ya watu wote, koko, haikuwa lazima. Nilikuwa nakaribia kuinuka.

Odero anakusalimia. Ameona video pia. Hakucheka, na hiyo ndiyo imeniuma zaidi.

Parmuat


Kajiado,
3 Januari 2026

Parmuat,

Nimesoma sababu zako tano. Nimezisoma kwa Nyaguthii, naye akaomba nizisome tena.

Mimi nilikuvuta kwa mkono mmoja. Mkono wako ulikuwa mgumu kama mti wa ua, huo sikatai. Halafu ulipoyumba nikakushika paja usianguke. Nimeshika kondoo wengi, mtoto wangu. Nikiwa sokoni nikishika paja kama hilo, sirudi kuuliza bei. Na hiyo tumbo chini ya NGUVU niliiona. Ni ya yule kondoo wa nyuma ya jikoni.

Sikuambii hivi nikucheke. Nilishakucheka Krismasi, ilitosha. Nakuambia kwa sababu wewe ndiye uliniambia. Zile barua zako ziko hapa, nimezirudia. Kila kitu uliandika ni kweli. Wanunuzi wa sukari, mafuta ya fitina, mguu haina mtu nyumbani. Ulijua yote. Ulikuwa unamwandikia nani?

Hillary alikaa sana baada ya nyinyi kuondoka. Alisema amekosa, akanywa maziwa vikombe viwili. Halafu akauliza, "Yeyo, sasa katika hii familia nani ndiye wa kuhamishwa?" Tukatazamana.

Kijana wangu wa kuchunga anarudi kwao Magadi mwisho wa mwezi, babake amempatia kazi. Mbuzi wanaenda mpaka mtoni na kurudi kila siku, na hawabebwi na mtu. Njoo. Kitanda chako kipo. Asubuhi utachunga, jioni utakaa kwa kigoda na kamba, kama mimi.

Lakini kabla hujaja, niandikie ukweli mmoja. Sio tano. Mmoja.

Koko wako,
Nalotuesha


Kitengela,
9 Januari 2026

Koko,

Katoo anangoja nje na mitungi mitupu, ameshapiga honi, kwa hivyo nitajaribu kwenda moja kwa moja. Unajua hiyo si tabia yangu.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia kwamba suruali ilikuwa ya Kichina. Nimekata.

Odero aliniita juzi tukishafunga. Akaleta utepe, akanipima kiuno, akaandika. Akaleta ile mashine ndogo ya kuchoma kidole. Sikuwa nimekula tangu jana yake, aliniambia nisile. Akasema sukari yangu haijawa ugonjwa ila imeshika kitasa cha mlango. Nikamwambia, "Bro, mimi niko na miaka ishirini na mbili." Akasema, "Mikono yako ndiyo iko na ishirini na mbili." Akaniuliza usiku huwa nakula nini. Nikamwambia chipsi na soda, kwani kuna kingine? Akaniuliza ni lini mara ya mwisho nimefanyisha miguu mazoezi. Nikacheka. Halafu nikafikiria. Halafu nikaacha kucheka.

Koko, ni kile kioo. Kinaishia kiunoni. Miezi hii yote nimesimama mbele yake nikainua kile ninachokiona. Nikiona mkono, nainua mkono. Nikiona kifua, nasukuma kifua. Chini ya hapo hakukuwa na picha, kwa hivyo nilidhani hakuna kitu kinachotakiwa. Sio mimi tu. Ukikaa sakafuni na kitambaa cha kupangusia utaona: jim nzima ni vifua vinatembea juu ya miguu ya korongo, na mimi ndiye mfalme wao. Ulichouliza, nilikuwa namwandikia nani, nimekijibu usiku mzima. Nilikuwa nakuandikia wewe. Sikujua mimi pia niko na miguu.

Nakuja. Nimemwambia bosi. Odero amenipa kamba mpya, anasema ile yako imechoka. Mayai sileti. Mwambie Askari ajitegemee, na tafadhali mwambie mimi ni mtu wa nyumba.

Sasa ule ukweli mmoja.

Siku ile ya Krismasi mlipoingia ndani kukata keki, na Sandra ameweka simu yake kwenye chaji, mimi nilibaki nje peke yangu. Nilizunguka nyuma ya zizi, nikavua ile suruali, nikavaa kaptura ya kulalia. Nikabeba kigoda mpaka mahali pasipo na mteremko. Chakula kilikuwa kimeshuka tumboni. Askari alikuwa amelala. Hakuna mtu alikuwa ananitazama, koko, hata mbuzi mmoja. Nikakaa, nikakunja mikono kifuani, nikahesabu mpaka tatu.

Sikuinuka.